Kuotea: Mahali na Tendo

Miongoni mwa kanuni za kandanda hakuna izushayo mabishano mengi, kuanzia uwanja wa Sabasaba mjini Njombe, ambako Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, hadi viwanja vya vumbi vya Ilembula na Makambako, kuliko Sheria ya 11, ile ya kuotea. Na aghalabu mabishano hayo hutokana na watazamaji kuuliza swali moja tu, yaani mchezaji alisimama wapi, ilhali sheria yauliza mawili.

Swali la mahali lina kipimo dhahiri. Mshambuliaji yu katika nafasi ya kuotea endapo kichwa, kiwiliwili au mguu wake, wala si mkono, umo katika nusu ya wapinzani na u karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa naye akihesabiwa. Kabla ya 1925 walihitajiwa wapinzani watatu. Na tangu 1990 aliyelingana na beki yu salama. Kipimo huchukuliwa mpira unapopigwa, si unapopokewa, hata mshika kibendera, ambaye huku kwetu hana kamera ya kumrudishia picha, hana budi kuangalia kwa pamoja mguu wa mpigaji na mstari wa mabeki.

Lakini kusimama pale si kosa. Kosa ni tendo, na hapo ndipo penye ijtihadi ya mwamuzi. Mathalan, winga anaachia shuti, na mwenzake amesimama pembeni, amewapita mabeki hatua mbili, wala hajishughulishi: mpira ukitinga wavuni moja kwa moja, goli ni halali, ijapokuwa uwanja mzima utapiga kelele, "Kaotea!" Akiwa amemkinga kipa asiuone mpira, goli hubatilika; na hubatilika vilevile mpira ukigonga mwamba, au ukipanguliwa na kipa, kisha yeye akaumalizia, kwa kuwa nafasi yake ilikwisha hukumiwa shuti lilipopigwa. Beki akiucheza kwa kusudi, akiwa na nafasi ya kuumiliki, ukamfikia mshambuliaji huyo, hapana kosa. Ukimbabatiza tu, kosa lapo.

Basi mshika kibendera anayekawia kuinua mkono hakusinzia wala hakuhongwa, bali anangoja tendo. Na mtazamaji muungwana, kabla ya kumtupia matusi, yafaa ajue kwamba huko kukawia ndiko kuitii sheria.