Uanagenzi wa Afya: Kliniki za Ibra, Sur na Nizwa Nazo Zifundishe

Ingia kliniki ya binafsi Ibra, Sur au Nizwa uangalie nani anakuhudumia. Anayekupokea, anayekupima presha, anayemshikia daktari wa meno vyombo na anayekuhesabia vidonge dirishani, mara nyingi wote wametoka India au Ufilipino. Ni wachapakazi, na Oman ina deni kwao. Lakini mikataba yao ina mwisho. Wakiondoka huondoka na ujuzi wao, na mwenye kliniki huanza kutafuta upya. Mtaa huohuo kuna kijana aliyemaliza sekondari, yuko nyumbani anasubiri kazi.

Njia ya kuwakutanisha mwenye kliniki na kijana huyu ni uanagenzi. Kijana anaajiriwa na kulipwa tangu siku ya kwanza, anafundishwa kazi palepale anapoifanya, anapewa muda wa kusoma nadharia chuoni, na mwishowe anapata cheti kinachotambulika. Wengi wanaupenda mpango huu wakidhani ni njia ya kupata wafanyakazi kwa bei nafuu, na hapo ndipo unapoharibika. Roho ya uanagenzi wa afya ni saa za mlezi, yaani mfanyakazi mzoefu aliyepunguziwa kazi zake ili afundishe. Saa hizo zisipotengwa, anayeitwa mwanagenzi huwa kibarua tu.

Kwamba elimu ya afya ikiletwa karibu na watu inazaa matunda, mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah, iliko miji hii mitatu, ni mashahidi. Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoanza kutawala, hesabu inayotajwa sana ni madaktari 13 kwa nchi nzima. Hospitali ya misheni ya Kimarekani kule Matrah, aliyoitumikia Dk. Wells Thoms tangu 1939 hadi mwaka huo wa 1970, ilitegemea wasaidizi waliojifunzia kazi humohumo wodini. Hospitali za serikali zilipoenea mikoani, zilihitaji wauguzi kwa wingi kuliko Muscat ilivyoweza kuwatoa. Wizara ya Afya ikafungua vyuo vya uuguzi mikoani, vikiwemo vya Nizwa, Ibra na Sur, kila kimoja kikishirikiana na hospitali ya mji wake.

Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa mabinti. Ibra na Nizwa ziko zaidi ya kilomita 100 kutoka Muscat, na Sur ni mbali zaidi. Wazazi wengi wasingekubali binti yao akaishi mji mkuu peke yake kwa miaka mitatu ya diploma. Chuo kilipokuwa mjini kwao, alisoma asubuhi, akafanya mazoezi wodini, jioni akarudi nyumbani. Alipohitimu alibaki kufanya kazi palepale, kwa sababu ndiko kwao. Leo zaidi ya nusu ya wauguzi wa Wizara ya Afya ni Waomani. Mwaka 2018 vyuo hivyo viliunganishwa kuwa Chuo cha Sayansi za Afya cha Oman, na matawi yakabaki mikoani.

Pengo lililobaki liko katika kliniki ndogo za binafsi. Hizi hazina uhusiano na chuo wala mtu aliyepewa jukumu la kufundisha. Na kazi zinazokosa watu humo hazihitaji digrii: msaidizi wa daktari wa meno, msaidizi wa famasia, mtunza kumbukumbu, msafishaji wa vyombo vya tiba, mpokea wagonjwa. Zote zinafaa kujifunzwa kwa uanagenzi wa mwaka mmoja au miwili.

Nichukue mfano wa kusafisha vyombo vya meno. Kwa mtazamaji, kazi yenyewe ni kutia vyombo kwenye mashine ya mvuke na kubonyeza kitufe, lakini mashine haiui vijidudu vilivyojificha chini ya damu iliyoganda. Kwa hiyo mwanagenzi anaanzia kwenye sinki. Anavaa glavu nzito, anaosha vyombo kabla uchafu haujakauka, anakikagua kimoja kimoja chini ya taa, anavikausha na kuvifunga kwenye pakiti. Ndani ya mashine anavipanga kwa nafasi, maana mvuke usipopita kati yake hakuna kilichosafishika. Joto likiwa nyuzi 134, vyombo vikae humo dakika 3 kamili au zaidi. Likiwa nyuzi 121, dakika 15. Baadaye anatazama alama ya pakiti kama imebadilika rangi, kisha anaandika daftarini tarehe, mzunguko na jina lake.

Mlezi asiye na muda atamwonyesha kitufe tu. Mlezi mwenye muda atamuuliza: alama imebadilika rangi, je, hiyo ni hakika kwamba vijidudu vyote vimekufa? Jibu ni hapana. Rangi inaonyesha kwamba pakiti ilipata joto. Kujua kama vijidudu vimekufa kuna kipimo kingine, kinachofanywa kwa ratiba. Mwanagenzi anayejua tofauti hiyo atasimamisha kazi siku mashine inapopata hitilafu. Asiyeijua ataendelea kupeleka vyombo vichafu midomoni mwa watu akiamini ni visafi. Tofauti ya wawili hawa ni maelezo ya nusu saa, na nusu saa hiyo lazima mtu ailipie.

Uingereza wamekutana na swali hilohilo la nani alipe. Tangu Aprili 2017, mwajiri ambaye mishahara anayolipa inapita pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5 kwa ajili ya uanagenzi. Waajiri wadogo, zikiwemo kliniki za madaktari wa familia, hawatozwi, na serikali huwabebea sehemu kubwa ya ada ya mafunzo. Lakini fedha hizo hulipia mafunzo na mitihani tu. Mshahara wa mwanagenzi na muda wa mlezi hubaki mzigo wa kliniki, na huo ndio mzigo unaowafanya wenye kliniki ndogo wasite.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilianza kufundisha madresa wa vijijini, yaani wasaidizi wa tiba: miezi michache hospitalini, kisha kurudi kwao kufunga vidonda na kugawa dawa. Walifika ambako daktari hakufika, na watu waliwaheshimu. Udhaifu wa mpango ulikuwa usimamizi. Dresa akisharudi kijijini, aliyekuja kumkagua na kumwongezea ujuzi alikuwa wa nadra. Mtu aliyefundishwa kidogo kisha akaachwa peke yake hubaki na makosa yake miaka na miaka.

Mpango wa uanagenzi hapa Oman basi uanze na mlezi. Wizara ya Kazi tayari ina utaratibu wa mafunzo yanayoambatana na ajira, na fungu lake moja liende kufidia saa za mlezi, sema siku moja kwa wiki. Kliniki tatu au nne za Nizwa zinaweza kumgawana mlezi mmoja na kupeleka wanagenzi wao siku moja kwa wiki tawi la chuo. Yasiyoonekana katika kliniki ndogo wakayaone hospitalini. Mipaka nayo iandikwe: mwanagenzi hatoi sindano, hakabidhi dawa ambayo mfamasia hajaikagua, wala hamwelezi mgonjwa majibu ya vipimo.

Kuna faida moja ambayo kwetu haina mbadala. Ibra na vijiji vya jirani, na Nizwa pia, kuna wazee waliozaliwa au kukulia Unguja, Pemba na bara, ambao maumivu yao huyasema kwa Kiswahili. Bibi anayesema moyo unamwenda mbio akiinuka, halafu anaona kizunguzungu, ameshampa daktari nusu ya habari anayoitaka. Kijana wa mji uleule, aliyelelewa na bibi kama huyo, ataisikia na kuifikisha kama ilivyo. Lugha hiyo kliniki haiwezi kuiagiza kutoka nje.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameitiwa nafasi ya namna hii, nashauri aulize mambo manne kabla ya kutia sahihi. Mlezi wake ni nani kwa jina? Mlezi huyo amepunguziwa kazi gani ili afundishe? Cheti kitatambuliwa na nani, na kinafungua mlango wa diploma? Akifaulu, nafasi ya kazi ipo kwenye mkataba au ni ahadi ya mdomo tu? Mwenye kliniki aliyejipanga atayajibu yote manne hapohapo. Akibabaika kwenye la pili, mtoto wako ataitwa mwanagenzi, lakini atakachofanya ni kufagia na kupokea simu.