Mtoto Azungumzishwe Nyumbani

Mzazi anayemtakia mwanawe mema shuleni aghalabu hufanya mambo mawili: hukagua daftari na hulipa tuisheni. Yote mawili ni mazuri, lakini ipo kazi nyingine ambayo nyumba inaiweza kuliko darasa lililofurika wanafunzi, nayo ni kuzungumza na mtoto. Mwaka 2010, tathmini iitwayo Uwezo iliwafuata watoto wa Tanzania majumbani na kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa Kiswahili chenyewe, takriban wanafunzi saba kati ya kila kumi wa darasa la tatu walishindwa kuisoma. Sehemu ya tatizo hilo ni herufi na silabi, na hiyo ni kazi ya mwalimu. Sehemu ya pili ni maana, na hapo mzazi ana nafasi kubwa.

Mwaka 1986, wataalamu Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa kusoma ni zao la vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha inayosemwa. Kimoja kikiwa sifuri, zao lote ni sifuri. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuambulia kitu. Mpe sentensi hii: "Juma alifika kituoni basi likiwa limeshaondoka." Ataitamka bila kukwama. Muulize kama Juma alipanda basi lile. Akikodoa macho, hakushindwa na herufi; hajazoea kufuatilia nini kilitangulia na nini kilifuata. Mazoea hayo huingia kwa masikio, mtoto anaposimuliwa hadithi kisha akaulizwa kwa nini sungura alikimbia, au anapoombwa asimulie yaliyotokea njiani tangu mwanzo hadi mwisho. Kitendawili nacho kinafundisha. "Nyumba yangu haina mlango" humlazimisha mtoto kupima kila jibu dhidi ya maneno aliyoyasikia mpaka afike kwenye yai, na akishindwa atoe mji ndipo afumbuliwe.

Wengine watasema muda haupo, kwa kuwa mama yuko sokoni hadi magharibi na baba hurudi watoto wamelala. Ugumu huo ni wa kweli, ila mazungumzo hayadai saa ya peke yake. Mtoto anayechambua mchele anaweza kusimulia huku mikono ikifanya kazi, na anayetumwa dukani na noti ya shilingi elfu tano anaweza kuulizwa kabla hajatoka chenji itakuwa ngapi na ameipataje. Wengine watasema hawakusoma, au kwamba nyumbani huzungumzwa Kisukuma wala si Kiswahili. Kusimulia na kuuliza hakuhitaji cheti. Na tangu 1979 mtafiti Jim Cummins amekuwa akitetea hoja kwamba uwezo wa kufikiri na kueleza uliojengwa katika lugha ya kwanza humsaidia mtoto anapojifunza ya pili. Kwa hiyo mzazi atumie lugha anayoimudu vyema, ambayo ndani yake hakosi maneno.

Ipo hoja nzito zaidi, kwamba ufaulu wa mitihani huletwa na mazoezi ya maandishi, hivyo muda wa jioni uende kwenye kazi za shule. Mwaka 2006, mtafiti Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti za Marekani na kuona kwamba uhusiano wa kazi za nyumbani na ufaulu ni dhaifu kwa watoto wa shule ya msingi kuliko wa sekondari. Kazi za shule zifanywe, lakini zisimeze jioni yote. Daftari likishafungwa, mzazi amwambie mtoto, "Hebu nieleze mlichojifunza leo," kisha amsikilize mpaka amalize. Anayeweza kumweleza mwingine somo lake ameshalielewa. Anayebabaika amemwonyesha mzazi mahali pa kuanzia kesho.