Mwenyekiti au Mwenye Timu?

Neno mwenyekiti limeundwa kwa maneno mawili, mwenye na kiti, na kila sehemu ingali hai: wakiwa wengi tunasema wenyeviti, si wenyekiti. Maana yake ya asili ni mtu aliyekabidhiwa kiti na wenzake. Kiti hubaki, mkaaji huondoka. Katika kandanda ya Magharibi mwa Kenya, hata hivyo, neno hili limepata maana nyingine: mwenyekiti ndiye mwenye timu.

Mfano ulio wazi ni wa Bw. Cleophas Shimanyula, mfanyabiashara wa Kakamega ambaye mashabiki humwita Toto. Klabu yake, Kakamega Homeboyz, ilicheza ligi kuu mwaka wa 2013, ikashuka, kisha ikarejea. Msimu wa 2021/22 ilimaliza kwa pointi 63 sawa na Tusker, ikakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mwaka wa 2023 ilitwaa Kombe la FKF na kupata nafasi katika Kombe la Mashirikisho barani Afrika. Desemba 2024 mwenyekiti mwenyewe aligombea urais wa shirikisho la kandanda nchini, lakini ushindi ukamwendea Bw. Hussein Mohammed. Kwa klabu iliyo mbali na Nairobi na Mombasa, hizo si hatua ndogo.

Haistaajabishi basi kwamba majirani wa Bungoma na Kitale huuliza: tajiri wetu yuko wapi?

Bungoma ilitegemea viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofunga milango mwaka wa 2009, timu ya Pan Paper, iliyowahi kutamba katika ligi kuu, haikuwa tena na mlezi. Nzoia Sugar nayo ilipanda ligi kuu mwaka wa 2017 huku kampuni iliyoilea ikizama katika madeni. Mwaka wa 2024 timu ikashuka. Mwaka uliofuata serikali ikakikodisha kiwanda kwa mwekezaji binafsi. Mti ulipoanguka, kiota kilianguka nao.

Kitale ina mahindi, ina biashara, ina pia Shule ya Upili ya St. Anthony's, ambayo imepata kuwa bingwa wa taifa katika kandanda ya shule. Lakini kijana akimaliza masomo hapo, aghalabu hana budi kutafuta klabu kubwa nje ya mji wake.

Simlaumu tajiri anayetoa fedha zake kulisha wachezaji. Bila yeye, vijana wengi wasingaliwahi kuvaa jezi ya ligi kuu. Swali langu ni moja: akichoka, akifilisika au akifariki, timu ni ya nani? Oserian ya Naivasha ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2001 na 2002 ikibebwa na shamba la maua; leo haimo ligini. Kinyume chake, AFC Leopards ya mwaka wa 1964 na Gor Mahia ya mwaka wa 1968 zimepitia njaa, migomo na ugomvi wa uchaguzi usiokwisha, lakini zingalipo. Zina watu wanaosema "klabu yetu" na kumaanisha hivyo.

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wafanyabiashara wa Kitale, wakulima wa miwa wa Bungoma, walimu, wenye matatu na wachuuzi wa sokoni wanaweza kuandikisha klabu ya wanachama: ada ndogo, hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, na uchaguzi wenye tarehe. Mwenye mali nyingi na atoe nyingi, bali kura yake iwe moja.

Tajiri na akaribishwe, tena kwa heshima. Apewe kiti. Timu ibaki ya wenyewe.