Kobe wa Changuu na Sababu ya Ua Wao

Mkaazi anayevuka kwa boti kutoka Forodhani hadi kisiwa cha Changuu hukuta kobe wakubwa wakitembea miongoni mwa wageni, ilhali makinda wao wamefungiwa nyuma ya wavu. Si haba wanaodhani kwamba makinda hao wanaonewa. Wavu huo una sababu, nayo inaanzia mbali.

Kobe hawa si wenyeji wa Zanzibar. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alituma zawadi ya kobe 4 kutoka visiwa vya Aldabra. Walizaana vyema, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wapatao 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine wakiliwa na wengine wakiuzwa ng'ambo. Mwaka 1996 walisalia 7. Yakaletwa makinda mengine, baadhi yao nao wakatoweka, na hatimaye ukajengwa ua.

Kuku akiibwa, baada ya miezi michache banda huwa limejaa tena. Kobe hana hesabu hiyo. Kobe wa Aldabra huchukua miaka 20 hadi 30 ndipo aanze kuzaa. Jike hufukia mayai ardhini na kuyaacha, na kinda hutoka miezi kadhaa baadaye akiwa anaenea kiganjani. Dume la kilo 250 halibebeki kwa siri. Kinda hutoshea mfukoni. Basi wavu ule umewekewa mkono wa binadamu kwanza, ingawa huwakinga na panya pia.

Matunzo yao mengine si ya gharama kubwa, lakini hayataki uzembe. Kobe hatoi jasho. Akikosa kivuli, jua la adhuhuri laweza kumuua. Chakula chake ni nyasi na majani, si mkate wala biskuti. Gamba nalo si jiwe: ni mfupa ulio hai, wenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kobe huhisi anapoguswa. Kwa hiyo mtoto asipandishwe mgongoni ili apigwe picha. Amkune shingoni taratibu, na mara nyingi kobe atainuka kwa miguu yote minne, anyooshe shingo na kutulia kama mzee aliye mbele ya kinyozi.

Mtu akikujia na kinda la kobe la kuuza, usilinunue, hata kwa nia ya kuliokoa, maana fedha yako ndiyo itakayomrudisha mwizi kisiwani. Toa taarifa kwa sheha wako au kituo cha polisi kilicho karibu. Kinda anayeibwa leo ndiye ambaye angeanza kutaga wakati watoto wetu wa skuli wameshakuwa wazazi.

Wanaokusudia kwenda na familia wasihangaike kubeba chakula cha kuwalisha kobe. Majani hupatikana kisiwani kwenyewe.