Kunguni Kazini: Tutafute Ufa, Tusitafute Mchawi

Kuna maneno ambayo sisi akina mama hatupendi kuyatamka mbele za watu, na mojawapo ni kunguni. Mtu akiugua malaria atasema. Akiumwa tumbo atasema. Lakini akimwona kunguni kitandani mwake, atafunga mlango na kunyamaza. Sisi wauguzi nasi tuko vivyo hivyo, na ukimya huo uliwahi kumuumiza mwenzetu asiye na kosa. Ndiyo maana tumeona vema kulizungumza jambo hili waziwazi.

Katika wodi moja tuliyofanya kazi zamani tulikuwa na chumba kidogo cha kupumzikia wakati wa zamu ya usiku. Mlikuwa na meza, benchi la mbao na kochi kuukuu tulilopewa na msamaria mwema. Kochi lile tulilifurahia mno, maana mtu aliyesimama tangu saa mbili za usiku akipata mahali laini pa kukaa robo saa hushukuru. Baada ya wiki chache mhudumu wetu mmoja, mama wa watoto wanne, alianza kutokwa na vipele mikononi na shingoni. Alijikuna hata wagonjwa wakamwona. Siku moja kunguni akaonekana akitambaa juu ya mkoba wake.

Hapo maneno yakaanza. "Anakaa nyumba ya kupanga, vyumba vimebanana," tukasema. "Ndiye aliyetuletea." Tukaacha kutundika mikoba yetu karibu na wake. Chai akawa anakunywa peke yake. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyemwita.

Aliyetufumbua macho ni bwana afya. Aliligeuza kochi chini juu, akachana kitambaa cha chini kwa wembe, akamulika kwa tochi. Katika maungio ya mbao walikuwa wamejaa, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mayai yao na madoa meusi. Kisha akatuuliza, "Ninyi wengine hawawaumi?" Tukajibu hapana. Akatueleza kwamba huenda sote tulikuwa tukiumwa, ila ngozi za watu hazifanani. Wako wanaovimba siku hiyohiyo, wako wanaovimba baada ya siku kadhaa, na wako wasioonyesha alama yoyote. Kumbe yule tuliyemdhania mkosaji alikuwa kengele yetu!

Tulikwenda kumwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Niliwaona tangu wiki ya kwanza. Niliogopa kusema."

Mdudu mwenyewe

Kunguni mzima ana urefu wa kama milimita 5, ni bapa, na rangi yake ni ya kahawia. Akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Hana mabawa wala haruki kama kiroboto. Husafiri kwa kutambaa au kwa kubebwa. Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake huweza kufikisha mayai 200 au zaidi. Mayai ni meupe, kama milimita 1, nayo hugandishwa ndani ya nyufa. Palipo na joto huanguliwa kwa muda wa kama wiki moja au mbili. Kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila chakula, kwa hiyo kufunga chumba kwa wiki mbili hakutawamaliza.

Mama wengi hutuuliza kliniki kama kunguni huambukiza Ukimwi. Hapana, hakuna ushahidi kwamba wanauambukiza. Madhara yao ni mwasho, kukosa usingizi, na vidonda vinavyoingia vijidudu kwa sababu ya kujikuna. Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, na uwakate watoto kucha. Pakitoa usaha au pakivimba sana, nenda kituo cha afya.

Tena, kunguni si alama ya umaskini wala uchafu. Mwaka 2010 walipatikana katika jengo maarufu la Empire State jijini New York, kwenye chumba cha chini ambamo wafanyakazi hubadilishia nguo. Mwaka 2023 Ufaransa nzima ilishikwa na hofu ya kunguni katika treni na majumba ya sinema. Kunguni hafuati mshahara. Anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu. Usafi hautamzuia kuingia, ila utamnyima mahali pa kujificha na utakuwezesha kumwona mapema.

Huingiaje mahali pa kazi?

Huja ndani ya mkoba, kanga, sare, sanduku la mgeni, au samani iliyokwisha kutumika. Ofisini na dukani kwa kawaida huwa ni wachache, kwa kuwa watu hawalali humo. Hatari ni kubwa zaidi mahali penye vitanda na makochi: wodi, mabweni, nyumba za wageni, vyumba vya walinzi na vya zamu. Hatari nyingine ni kwamba mahali pa kazi watu wa nyumba nyingi hukutana. Kunguni mmoja aliyeingia Jumatatu anaweza kutoka Ijumaa akiwa katika mkoba wa mtu mwingine.

Mambo ya kufanya kabla hawajaingia

Kwanza, kagueni samani kuukuu nje, kwenye mwanga wa jua, kabla ya kuziingiza ndani. Tazameni chini yake, kwenye mishono na kwenye maungio. Zawadi ipokelewe kwa shukrani, lakini ikaguliwe. Kama tungalifanya hivyo kwa kochi letu, tusingalimwaibisha mwenzetu.

Pili, kila mtu awe na msumari au ndoano yake ya kutundikia mkoba, mbali na viti na vitanda. Nguo za nyumbani na sare zisirundikwe pamoja. Sare iliyovaliwa ifungwe katika mfuko wa plastiki hadi itakapofuliwa, kwa kuwa harufu ya mwili iliyomo humvuta kunguni.

Tatu, zibeni nyufa za kuta, mabenchi na makabati. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kunguni usemi huu ni kweli tupu. Ondoeni maboksi na marundo ya magazeti yasiyo na kazi.

Nne, chagueni siku moja kila wiki ya kukagua kwa tochi. Pitisheni ncha ya kadi ngumu ndani ya nyufa. Mkiona madoa meusi kama ya wino, magamba makavu au mayai, msisubiri kumwona mdudu mwenyewe.

Tano, na hili ndilo kubwa, kiongozi wa kazi atangaze mapema kwamba atakayetoa taarifa hatachekwa wala kuadhibiwa. Wodini kwetu tuliweka ukurasa katika daftari la ripoti: "Kumeonekana nini, wapi, lini." Haukuwa na nafasi ya kuandika "nani kaleta." Tangu siku ile taarifa zilikuja mapema.

Wakionekana

Msihamishe kitu kwenda chumba kingine, maana mtawatawanya. Funga vitu ndani ya mifuko hapohapo. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, kisha yapigwe pasi, hasa kwenye mishono. Mabenchi na vitanda vya chuma vimwagiwe maji yanayochemka ndani ya maungio, kwa uangalifu mtu asiungue. Kuanika juani peke yake hakutoshi, kwa kuwa mdudu hukimbilia upande wenye kivuli. Rudieni kazi hiyo baada ya wiki mbili, kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa, na vyumba vya jirani navyo vikaguliwe.

Kuhusu dawa, tunawasihi sana akina mama. Msinyunyize dawa za shambani ndani ya nyumba au juu ya kitanda. Zinaweza kumdhuru mtoto kabla hazijamdhuru kunguni. Mafuta ya taa nayo huleta moto. Hata dawa zilizo halali hazifanyi kazi kila mahali. Mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba kaskazini mashariki ya Tanzania, katika vijiji vilivyotumia vyandarua vyenye dawa, kunguni walikuwa wamekuwa sugu kwa dawa za aina hiyo. Hii si sababu ya kuacha chandarua, kwa maana kinatukinga na malaria. Ni sababu ya kumwita bwana afya au mtaalamu mwenye kibali, badala ya kununua chupa isiyo na maandishi sokoni.

Tukirudi nyumbani

Panapokuwa na kunguni kazini, usiweke mkoba juu ya kitanda ufikapo nyumbani. Badili nguo karibu na mlango kabla ya kumpakata mtoto, uzitie moja kwa moja katika maji ya moto. Mweleze mumeo bila kuficha, ili naye akague mkoba wake na koti lake.

Akina mama wenzetu, kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja hawezi kuwamaliza kunguni wa ofisi nzima. Kochi lile tulilichoma moto siku ileile. Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni kumrudisha mwenzetu kwenye meza ya chai. Basi ukimwona mwenzako kazini anajikuna, usivute kiti chako mbali naye. Chukua tochi, mwambie, "Dada, njoo tutafute pamoja."