Waalbania wa Makedonia ya Kaskazini

Katika mji wa Tetovo, kando ya mto Pena, upo msikiti ambao kuta zake zimepakwa rangi mraba baada ya mraba, nje na ndani, kwa maua na nakshi za kila namna, hata mgeni aliyezoea misikiti ya chokaa nyeupe husimama akastaajabu. Na kaburi lililo uani lasemekana kuwa la ndugu wawili wa kike, Hurshida na Mensure, waliotoa mali yao ukajengwa mwaka 1438. Wanaosali humo wengi wao ni Waalbania, kaumu ambayo katika hesabu ya watu ya 2021 ilikaribia robo ya wakazi wote wa nchi. Aghalabu ni Waislamu, lakini si wote: Mama Teresa, aliyezaliwa Skopje mwaka 1910, alikuwa binti wa nyumba ya Wakatoliki wa Kialbania.

Hawa si watu waliohamia juzi. Ni katika mji wa Bitola, uliomo humo nchini, ambako wanazuoni wao walikutana 1908 wakaafikiana kuiandika lugha yao kwa herufi za Kilatini. Basi nchi ilipojipatia uhuru 1991, na katiba ikainena kuwa ni dola ya taifa la Wamakedonia, ikiwataja Waalbania pamoja na Waturuki na Waroma baada ya hapo, Waalbania walijiona wapangaji katika nyumba waliyozaliwa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya elimu. Desemba 1994 walifungua chuo kikuu chao Tetovo bila ya idhini. Serikali ikakiharimisha, polisi wakakivamia, mtu mmoja akauawa, na mkuu wa chuo, Fadil Sulejmani, akatiwa gerezani. Hata hivyo masomo yaliendelea majumbani mwa watu, mpaka dola ikakikubali 2004. Kati ya hayo vilizuka vita vya 2001 baina ya waasi wa Kialbania na serikali, vilivyokomeshwa kwa sulhu ya Ohrid ya tarehe 13 Agosti, iliyoamuru kwamba lugha isemwayo na angalau asilimia 20 ya raia iwe rasmi nayo, na kwamba sheria zigusazo utamaduni na lugha zisipite bila ya ridhaa ya wingi wa wabunge wa kaumu ndogo. Januari 2024 Talat Xhaferi akawa Mwalbania wa kwanza kushika uwaziri mkuu, ijapokuwa kwa miezi michache ya kuelekea uchaguzi.

Kwangu mimi, lililobaki lina uzito kuliko vyeo: katika shule nyingi watoto wa kaumu hizi mbili husoma mbalimbali, hawa asubuhi na wale alasiri, na Mmakedonia kijana ajuaye Kialbania ni nadra kumwona.