DX ya zamani hapa Mombasa: pesa ya kwanza iende kwenye maji, si kwenye rimu

Kila Ijumaa baada ya swala hakosi kijana wa kuizunguka DX yangu na kuniuliza nitaitia rimu gani, na mbona haina muziki. Wengi wao wameshanunua za kwao, au wanadunduiza. Siwalaumu. Corolla KE70, ambayo sisi tumezoea kuiita DX, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1979, na mpaka leo ni gari ambalo mtu mwenye spana za kawaida anaweza kulifungua akalielewa. Injini yake ya 4K ni sisi 1290, inatumia kabureta, na ukiinua boneti unaona mpaka chini barabarani. Hakuna kompyuta.

Lakini DX ya Mombasa ina adui ambaye ya Nakuru haimjui: maji ya chumvi na unyevu wa bahari.

Tuanze na rejeta. Nyumba nyingi za kisiwani zina maji ya kisima, na mengi ya visima hivyo yana chumvi. Mtu huchota kidumu, akajaza rejeta, akaondoka. Sasa, bloku ya 4K ni chuma cha kusubu na hedi yake ni aluminiamu. Ukizikutanisha ndani ya maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Njia za maji kwenye hedi huchimbika polepole, gasketi inakosa pa kushika, na siku moja unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Hapo hesabu ni ya kufungua injini. Kinga yake ni kulanti halisi, nusu kwa nusu na yale maji safi ya kuongezea betri (si asidi, jamani). Maji yaliyotiwa rangi ya kijani tu si kulanti, hata chupa iandikwe nini.

Na fundi akikwambia aitoe thamostati kwa sababu "Mombasa ni joto", mkatalie kwa adabu. Thamostati hufunguka maji ya injini yakifika nyuzi 82 hivi. Jua letu halifiki hata nusu ya hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake na petroli inaliwa zaidi. Gari likichemka, kagua kwanza kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukichoka, presha inatoroka na maji yanachemka mapema. Ni kitu cha bei ndogo, na wengi wamebadilisha rejeta nzima kwa ajili yake.

Kutu ndiyo inayokula pesa. Ukienda kununua, usitazame rangi. Inua zulia uone sakafu, pitisha mkono chini ya milango na ndani ya madigadi, kagua pale betri inapokaa. Chukua sumaku ndogo: isiposhika kwenye bodi, hapo kuna pati, hakuna bati. Yangu nilikuta sakafu ya upande wa dereva imeliwa, ikabidi tukate na kuchomelea bati jipya. Pati juu ya kutu ni kuifunika tu, inaendelea kula chini kwa chini. Milango ina vitundu chini vya kutoa maji. Vizibue kwa waya. Na anayevuka Likoni kila siku aoshe tumbo la gari kwa maji yasiyo na chumvi, walau mara moja kwa wiki.

Breki sifanyii mzaha. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ni hii mnayoijua. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Teremka Mazeras ukiwa na abiria wanne na mguu haubanduki kwenye breki: mafuta yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba na pedali inazama mpaka sakafuni. Mbele yako kuna lori. Badilisha mafuta hayo yote kila miaka miwili, usiongezee tu. Gharama yake haifiki hata bei ya rimu moja.

Ukimaliza hayo ndipo uzungumzie kuboresha. Mimi ningeanza na distributa ya elektroniki badala ya ile ya pointi, maana pointi huchakaa na kutaka kurekebishwa kila mara. Anayetaka nguvu zaidi, injini ya 5K, ya sisi 1486, inakaa palepale pa 4K bila kukata kitu. Ila namba ya injini inabadilika, na lazima NTSA waibadilishe kwenye logibuku, la sivyo utakuja kuhangaika siku ya kuuza.

Rimu? Zangu ni zile zile za chuma, na vifuniko vyake vya asili vitatu. Mwenye cha nne, tuonane Ijumaa.